Laptopu ya gemu inachemka: uweke pesti ya kawaida, PTM7950 au metali ya maji?

Wadau, nimeshafungua laptopu za gemu kadhaa, yangu na za marafiki, na kila nikinyanyua hitisinki (kile chuma cha shaba kinachobeba joto toka kwenye chipu) kuna kitu kimoja nakiangalia kabla sijafuta chochote: pesti, yaani ile krimu ya kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki, imebaki wapi. Kwenye mashine iliyopigwa gemu kila jioni kwa miaka miwili mitatu, mara nyingi unakuta katikati ya chipu panang'aa kama kioo kabisa, alafu pesti yote imejikusanya pembeni kama tope kandokando ya dimbwi lililokauka. Yaani pale joto linapotoka ndo hakuna kitu, na pale pasipo na joto ndo pamejaa. Ukiona hivyo usijiulize tena kwanini feni zinalia kama jenereta.

Hapo kosa sio lazima liwe la pesti mbovu. Kwenye kompyuta ya mezani prosesa imefunikwa na kifuniko cha chuma, pesti inakaa juu ya kifuniko. Kwenye laptopu hakuna kifuniko, chipu iko uchi, na shaba ya hitisinki inaikalia moja kwa moja. Sasa ukifungua gemu chipu inaruka toka digrii 45 mpaka 95 ndani ya dakika, ukifunga inashuka, na kila mzunguko chipu na shaba zinatanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, kidogo sana lakini mara maelfu kwa mwaka, na kila mara pesti inasukumwa kidogo kwenda nje. Pesti nyepesi inatoka haraka, nzito inachelewa. Ongeza na kwamba bamba la hitisinki ya laptopu ni jembamba na skrubu zake zina springi ndogo, kwa hiyo mgandamizo sio mkubwa. Ndo maana mi nasema kwenye laptopu swali la kwanza sio "ipi inapitisha joto zaidi", swali la kwanza ni "ipi itakuwa bado ipo pale mwaka ujao". Na kwa swali hilo jibu langu kwa watu wengi ni PTM7950, kikaratasi kinacholainika kikipata joto, ila sio kwa wote, na kuna wengine hata hawahitaji kugusa pesti.

Namba kwenye boksi isikubabaishe

Kila mtu akienda kununua anaangalia ile W/mK, kipimo cha jinsi kitu kinavyopitisha joto, namba kubwa ndo bora. Arctic MX-4 imeandikwa 8.5, Kryonaut ya Thermal Grizzly 12.5, Conductonaut ambayo ni metali ya maji, yaani metali iliyo kimiminika, 73, na PTM7950 ya Honeywell iko kwenye 8.5 hivi. Ukiangalia hivyo unaona metali imewaacha wenzake mbali sana, inawazidi mara sita mpaka karibu tisa. Ila tufanye hesabu kidogo.

Chukua chipu ya milimita 10 kwa 20, huo ndo ukubwa wa karibu wa prosesa nyingi za laptopu za gemu. Pitisha wati 60. Tabaka la pesti liwe na unene wa mikroni 50, ni wembamba kuliko unywele. Pesti ya 4 W/mK itaacha tofauti ya digrii kama 4 kati ya chipu na shaba. Ya 8 itaacha 2. Metali ya 73 itaacha kama robo digrii. Umeona? Kutoka pesti ya kawaida nzuri mpaka metali umepata digrii mbili kwenye karatasi. Kiuhalisia joto halitoki sawasawa kwenye chipu nzima, linatoka kwenye viini (core) vichache vinavyofanya kazi, kwa hiyo pengo linakuwa kubwa zaidi ya hapo, ndo maana watu wanaohamia metali kweli wanaona digrii kadhaa zinashuka. Ila sasa weka hewa badala ya pesti: hewa ina 0.026 tu, ni kama mara 300 chini ya pesti ya 8. Kale kasehemu ka katikati palipobaki patupu ndo kanakuua, sio tofauti ya 8.5 na 12.5. Pesti ya wastani iliyofunika chipu nzima inaishinda pesti ya bei kali iliyokimbilia pembeni, na inaishinda kwa mbali.

Kwanza hakikisha tatizo ni pesti

Hapa watu wengi wanapoteza hela na muda. Fungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na wati za mashine, washa gemu nzito dakika ishirini, alafu weka mkono kwenye matundu ya kutolea hewa.

Kama feni zinalia sana na hewa inayotoka ni kidogo, dhaifu, hilo ni vumbi. Ukifungua unakuta limetengeneza kama blanketi kati ya feni na zile pezi za shaba, na ukitazama kwa nje huwezi kuliona kwa sababu linakaa upande wa ndani. Likitolewa joto linaweza kushuka kuliko pesti yoyote ingekushushia. Ukipuliza shikilia feni kwa kidole isizunguke, usiiache ikimbie na upepo.

Kama hewa inatoka vizuri ila ni vuguvugu tu wakati HWiNFO inakwambia CPU (prosesa) iko 97, hapo ndo pesti. Joto limekwama kwenye chipu halifiki kwenye shaba. Dalili nyingine ya hii ni kwamba ukianzisha kazi joto linaruka mpaka 95 ndani ya sekunde moja mbili, na ukisimamisha linaanguka hapo hapo. Dalili ya tatu angalia viini kimoja kimoja: kama kimoja kiko 98 na jirani yake kiko 79, shaba haijakaa sawa au pesti imetoka upande mmoja.

Kama hewa inatoka kwa nguvu na ni ya moto kweli, inakuunguza vidole, basi mfumo unafanya kazi yake, umefika tu mwisho wa uwezo. Hapo pesti mpya itakupa digrii mbili tatu, usitegemee maajabu, nenda kwenye kupunguza umeme ambao nitaugusa huko chini.

Pesti ya kawaida

Hii ndo kila mtu anaijua, na uzuri wake mkubwa ni kwamba haikuadhibu ukikosea. Ukiweka nyingi inatoka pembeni, unafuta, basi. Nyingi hazipitishi umeme kwa hiyo hata ikigusa vikapasita vidogo vilivyozunguka chipu hakuna kinachoungua. Inafanya kazi hapo hapo, unafunga skrubu unawasha unapima.

Ila ndani ya hizi pesti kuna makundi mawili na watu wanayachanganya. Kuna nyepesi, laini, zinazopakika vizuri, na hizi ndo zinapata alama kubwa kwenye majaribio ya kompyuta za mezani. Kryonaut ni mfano. Siku ya kwanza kwenye laptopu inafurahisha sana. Lakini watengenezaji wenyewe wanasema imetengenezwa isikauke mpaka digrii 80, sasa laptopu ya gemu yenye CPU inayokaa 90 na kitu unaipeleka nje ya eneo lake tokea siku ya kwanza. Niliwahi kumwekea rafiki yangu, tukashuka toka 96 mpaka 84, tukafurahi, baada ya miezi minne akanipigia anasema imerudi 95. Nilipofungua ni kile kile, katikati kioo, pembeni tope. Haikuwa mbovu, nilichagua kitu kizuri nikakiweka mahali pasipo pake.

Kundi la pili ni nzito, ngumu kupaka, kama Thermalright TFX, au hata MX-6 ambayo ni nzito kuliko MX-4. TFX inakaidi kweli, ukiivuta na kale kamwiko inakunjika inarudi, inabidi uipashe moto kidogo kwanza, mi huwa natumbukiza bomba lake, likiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwenye maji ya moto dakika chache. Lakini ule ukaidi ndo unaoifanya isitoke kirahisi kati ya chipu na shaba. Kwa hiyo ukiamua pesti ya kawaida kwenye laptopu, chukua nzito, usiangalie alama za mezani.

Na kitu kimoja muhimu, usitumie ile staili ya tone katikati unayoona kwenye video za kompyuta za mezani. Kule kuna kifuniko kinachosambaza joto, hapa hakuna. Kona moja ya chipu ikikosa pesti inaweza kuwa ndo kona yenye kiini kinachofanya kazi kuliko vyote. Paka yote, ifunike mpaka ukingoni.

PTM7950

Hii kwa macho ni kikaratasi cha kijivu chembamba chenye plastiki juu na chini, na mara ya kwanza ukikishika unaweza kudharau. Sio pesti wala sio padi kama zile za VRAM (memori ya chipu ya picha). Ni kitu kinachobadilika hali: kikiwa baridi ni kigumu, kikifika kama digrii 45 kinalainika na mgandamizo wa hitisinki unakisambaza mpaka kinabaki tabaka jembamba sana, kinaingia kwenye kila kijikwaruzo cha chipu na shaba. Ukizima kinapoa kinakuwa kigumu tena, na hapo ndo siri yake, kwa sababu kile kisukumo cha kutanuka na kusinyaa hakipati kitu chepesi cha kukisukuma nje. Kinakaa. Yaani ugonjwa unaoua pesti ya kawaida kwenye laptopu, hiki kimetengenezwa kwa ajili yake.

Utendaji wake siku ya kwanza ni wa kawaida tu, na watu wengi wanakata tamaa hapo. Kinahitaji mizunguko kadhaa ya kupata moto na kupoa ndo kikae sawa. Kwenye laptopu yangu niliweka jioni, nikapima, CPU ikawa 91, nikasema aah sijapata kitu. Nikaendelea kucheza tu siku tatu nne, nikapima tena kwa gemu ile ile, 85. Imepita mwaka na nusu sasa, bado iko 85, 86. Hicho ndo kilichonigeuza, sio zile digrii za kwanza.

Shida zake ni mbili. Moja, kukiweka kunataka utulivu. Kikiwa kwenye joto la chumba kinanata kwenye plastiki yake na kinachanika, na ukilazimisha unapata vipande. Dawa yake kiweke kwenye friji dakika kumi, kikiwa bado ndani ya plastiki kikate kwa mkasi kwa ukubwa wa chipu, ukizidisha milimita moja kila upande sio mbaya, kisha toa plastiki ya upande mmoja, kibandike, kikandamize kidogo kwa kidole juu ya plastiki iliyobaki, rudisha baridi kidogo kama inagoma, alafu toa ya pili kwa kuanzia kwenye kona, taratibu, kwa pembe ya chini sio kuvuta kwenda juu. Kikichanika sehemu ndogo usilie, jaza kipande, kitayeyuka na kuungana chenyewe.

Mbili, feki ni nyingi kweli. Vikaratasi vya kijivu vimejaa vinauzwa kwa jina hili. Nunua kwa muuzaji ambaye watu wengine wameshapima cha kwake na kutoa majibu baada ya miezi, sio baada ya siku moja. Na ukija kufungua tena siku za mbele usivute hitisinki mashine ikiwa baridi, hiki kitu kinashika. Washa gemu dakika tano ipate joto, zima, fungua, chomoa betri, na uzungushe hitisinki kidogo kidogo iachie.

Metali ya maji

Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nimeona madhara. Metali ya maji ni mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati, unang'aa kama zebaki na unapitisha joto kuliko kitu chochote kingine kwenye ulinganisho huu. Ni kitu halisi sio mbwembwe, ASUS wameitumia kwenye laptopu zao za gemu za ROG toka kiwandani tokea 2019, na PlayStation 5 imetoka nayo 2020.

Lakini angalia kiwanda kinafanyaje. Wanazungushia chipu ukuta wa sponji, wanapima kiasi kwa mashine, shaba imepakwa nikeli, vijikomponenti vya jirani vimefunikwa. We nyumbani una bomba dogo la sindano na pamba. Hii kitu inapitisha umeme, tone moja dogo kama kichwa cha pini likidondoka kwenye vikapasita vya pembeni ya chipu na ukawasha, umemaliza madabodi. Na laptopu sio kompyuta ya mezani inayokaa sehemu moja, hii inabebwa begini ikiwa imesimama wima, inagongwa, inalazwa kitandani. Tone ambalo halikutoka siku ya kwanza linaweza kutoka mwezi wa sita.

Alafu kuna suala la chuma chenyewe. Galiamu inakula alumini, sio kwa miaka, kwa muda mfupi tu alumini inakuwa kama mkate mkavu, inamong'onyoka. Kwa hiyo kama hitisinki yako ina alumini pale inapogusa chipu, sahau kabisa. Kwenye shaba tupu haiharibu hivyo, ila inaingia ndani ya shaba taratibu, tabaka linakauka, linaacha doa la kijivu, na baada ya miezi unatakiwa kuongeza tena. Kwenye shaba yenye nikeli inakaa vizuri. Sasa ni wangapi wanajua hitisinki yao imepakwa nini kabla ya kuifungua?

Niliwahi kuletewa laptopu ambayo fundi mmoja aliweka metali bila kufunika chochote. GPU (chipu ya picha) ilikuwa haionekani kabisa kwenye mfumo. Chini ya taa na lenzi kulikuwa na kishanga kimoja, kimekaa kati ya miguu miwili ya kapasita, kinang'aa. Mwenye nayo alitafuta digrii tano akapoteza GPU nzima, na mpaka leo nikiikumbuka inaniuma.

Kama mashine yako ilitoka kiwandani na metali na sasa inachemka, hauna sababu ya kurudishia metali. Unaweza kuisafisha kwa uangalifu sana, hakikisha hakuna hata chembe iliyobaki, na kuweka PTM. Hata Framework kwenye Laptop 16 walianza na metali alafu wakahamia kwenye padi ya Honeywell ya familia hii hii. Kama watu wanaotengeneza laptopu yenyewe wamefanya hivyo, mimi na we wa bisibisi moja tuna haja gani ya kubishana.

Karatasi za grafiti, kama Carbonaut, nazipita haraka: hazikauki na unaweza kuzitumia tena, ila zinataka mgandamizo mkubwa ambao laptopu haina, na zinapitisha umeme. Ziache kwa kompyuta za mezani.

Zikikaa pamoja zinaonekanaje

Kwa siku ya kwanza metali inaongoza, pesti nyepesi nzuri inafuata, PTM na pesti nzito zinakuja nyuma kidogo. Baada ya wiki moja PTM imeshapanda imeifikia pesti nzuri au kuipita. Baada ya mwaka wa gemu kila siku pesti nyepesi imeshaanguka, pesti nzito imeshuka kidogo, PTM iko pale pale, na metali inategemea kabisa uso wa hitisinki yako: kwenye nikeli bado iko juu, kwenye shaba tupu inaweza kuwa imeshakauka. Kwenye hatari ukikosea pesti inakudai muda wa kufuta, PTM inakudai kikaratasi kingine, metali inaweza kukudai laptopu. Kwenye mikono, pesti inahitaji dakika tano, PTM dakika ishirini na friji, metali inahitaji mtu aliyeshazoea na nusu siku ya kufunika vitu kwa tepu ya kuhimili joto.

Mi kwenye ulinganisho huu uzito wote nauweka kwenye ule mstari wa baada ya mwaka, kwa sababu kufungua laptopu kwenyewe ndo hatari kubwa. Vile vikebo vya feni ni vyembamba, klipu za kava ya chini zinavunjika, skrubu zinalika vichwa. Kila safari unayoepuka kuingia mle ndani ni faida.

Padi za VRAM ndo wengi wanaumia

Hii haimo kwenye jina la mada lakini ingekuwa dhambi kuiacha. Ukinyanyua hitisinki utaona vipande vya mpira laini juu ya VRAM na vile vijikomponenti vya umeme vya pembeni. Kama havijachanika, viache. Mi mara ya pili kufungua yangu nikaona nibadilishe zote ziwe mpya, za zamani zilikuwa milimita 1, nikaweka za 1.5 nikidhani zitabonyea. Hazikubonyea, zilikuwa ngumu. Hitisinki ikakaa juu ya padi badala ya kukaa juu ya chipu, na GPU ambayo ilikuwa 78 ikagonga 87 ambao ndo ukomo wa GPU nyingi za NVIDIA za laptopu, ikaanza kujipunguza kasi. Pesti ilikuwa mpya, nzuri, na nilipofungua ilikuwa haijabanwa hata kidogo, alama za mwiko zilikuwa bado zinaonekana juu yake vile vile nilivyoziacha. Nusu milimita tu.

Kama lazima ubadilishe, pima unene wa zamani pale ambapo haikubanwa, au tumia pati ya joto, ile inayokandika kama udongo wa kuchezea, hiyo inajibana yenyewe mpaka unene unaotakiwa na haiwezi kunyanyua hitisinki kirahisi.

Bila kufungua kabisa

Kuna ambao nawaambia wasiguse pesti, waanze hapa. Ukifunga FPS (idadi ya picha kwa sekunde) kwenye 60 au ile ya skrini yako badala ya kuacha gemu itoe 140 ambazo huzioni, GPU inapumzika na joto linashuka hapo hapo. Kupunguza volti za GPU kwa MSI Afterburner, unafungua ule mchoro wa volti na kasi, unaisawazisha kwenye volti ya chini kidogo, unapata kasi ile ile kwa wati chache. Kwa CPU za Intel kulikuwa na ThrottleStop ya kupunguza volti, bado ipo, ila baada ya ule udhaifu wa Plundervolt wa 2019 watengenezaji wengi walilifunga hilo kwa BIOS (programu ya msingi ya madabodi), kwa hiyo kwenye mashine nyingi utakuta limezimwa. Basi kwenye Windows weka kiwango cha juu cha prosesa kiwe asilimia 99 badala ya 100, ile tabo (turbo, kasi ya ziada ya CPU) inazimika, CPU inashuka digrii nyingi sana. Inapoteza kasi ya juu ndio, ila gemu nyingi zinaegemea GPU na hutaona tofauti kubwa. Jaribu, kama FPS zimeshuka sana unarudisha, hujaharibu kitu.

Nikiweka hii pembeni ya pesti: pesti inatoa joto nje vizuri zaidi, hii inazuia joto lisizalishwe. Mashine ambayo hewa yake inatoka ya moto na kwa nguvu inahitaji hii. Ambayo hewa yake ni vuguvugu na CPU iko 97 inahitaji pesti, na kuipunguzia umeme ni kuficha ugonjwa tu.

Sasa we ni yupi

Laptopu mpya bado ina waranti na inakaa 85 mpaka 90 kwenye gemu nzito: usifungue. Hiyo ni kawaida kwa hizi mashine, CPU nyingi za Intel za laptopu ukomo wake ni 100 na kuendelea. Punguza umeme, safisha matundu kwa nje, nyanyua nyuma iwe na nafasi ya kuvuta hewa.

Miaka miwili na zaidi, hewa vuguvugu, CPU 95 na kasi inashuka katikati ya mchezo, na una mikono tulivu: PTM7950 kwenye CPU na GPU zote mbili, safisha vumbi kwa wakati huo huo, acha padi. Hapa sina mashaka hata kidogo.

Hali hiyo hiyo ila PTM ya kuaminika huipati, au unaogopa kile kikaratasi: pesti nzito, kubali kuwa utarudi tena baadaye. Kama laptopu ina metali toka kiwandani na joto liko sawa, iache ilivyo.

Kwa yeyote anayefungua, chomoa betri kabla ya kugusa chochote kingine. Piga picha kila hatua. Skrubu za hitisinki mara nyingi zina namba zimechongwa pembeni, 1, 2, 3, 4, unafunga kwa mpangilio huo kidogo kidogo, mizunguko miwili kila moja alafu unarudia, na kufungua unaenda kinyume. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine unainamisha shaba upande mmoja, na unaweza hata kumega kona ya chipu. Kufuta tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichoacha nyuzi, ikauke kabisa.

Na ukishamaliza usiangalie digrii peke yake. Prosesa za siku hizi zikipata nafasi zinakimbia zaidi mpaka zirudi kwenye joto lile lile, kwa hiyo unaweza kuona 95 kabla na 93 baada ukadhani umefanya kazi bure. Angalia wati kwenye HWiNFO. Kama kabla CPU ilikuwa inashikilia wati 45 kwenye 95 na sasa inashikilia 62 kwenye 93, umepata kasi ya bure. Andika hizo namba mbili kwenye karatasi na tarehe, ubandike chini ya laptopu, alafu upime tena kwa gemu ile ile baada ya miezi mitatu.